Mota ya Gurudumu la Nyuma

Upepo wa košava ulikuwa ukivuma tangu Jumanne, na hata Ijumaa alfajiri ulikuwa haujachoka. Ulikuja kutoka kusini-mashariki, upande uleule kiliko kiwanda, kana kwamba nao umeajiriwa kuwazuia watu wasifike kazini. Zorka Terzin alikuwa ameinama juu ya usukani wa baiskeli yake hata kidevu kikakaribia kikapu. Alikuwa akisukuma pedali kwa mguu wa kulia, na ule wa kushoto akiuacha ufuate tu, kwa sababu goti la kushoto lilikuwa limevimba tena. Daktari alikwisha kumwambia kwamba goti hilo linahitaji kupasuliwa, na kwamba zamu yake ya kupasuliwa itafika, akijaliwa uhai. Miforosadi iliyopandwa kando ya barabara ya Trskovac ilimpita mmojammoja, polepole kiasi kwamba angeweza kuisalimia.

Alipofika langoni, mlinzi Rade alikuwa anasukuma komeo alifunge.

“Fungua, Rade. Umeniona tangu kule kwenye reli.”

“Nimekuona, mama. Tatizo, saa nayo imekuona.”

“Basi iambie saa ishuke ipande baiskeli.”

Rade alicheka, akamfungulia. Lakini jina lake alikwisha kuliandika katika orodha ya waliochelewa. Ndani, Siniša Kukin, msimamizi wa zamu, alikuwa amesimama karibu na makabati ya nguo akiwa na kikombe cha kahawa. Siniša alikuwa mdogo kuliko binti wa Zorka, na hakupata hata siku moja kumwita mama.

“Ya pili mwezi huu, Terzin.”

“Kuna košava, Siniša. Basi lingekuwapo nisingechelewa.”

“Aa, habari ya basi imekwisha, usinirudishe huko. Kampuni haiendeshi tena mabasi. Manispaa inawapa msaada wa baiskeli za umeme, nusu ya gharama wanalipa wao. Jina lako limepita au halijapita?”

“Limepita.”

“Sasa unalia nini? Leo ndiyo siku ya mwisho. Kafunge mota yako. Mkataba wako unakwisha mwisho wa mwezi, na nakwambia mapema: ukichelewa tena hata mara moja, usije kuniuliza habari ya mkataba mpya.”

Hivi ndivyo mambo yalivyopangwa. Kwa miaka mingi kiwanda cha kuku kiliwachukua watu wake vijijini kwa basi na kuwarudisha kwa basi, na hakuna aliyeiona hiyo kuwa ni sadaka. Ilikuwa sehemu ya kazi. Msimu wa vuli uliopita basi liliondolewa. Katika mkutano walioitiwa, wafanyakazi waliambiwa kuwa hatua hiyo ni kwa ajili ya hewa safi. Aliyewaambia hivyo alikuja kwa gari lake na kuliacha linanguruma nje muda wote wa hotuba, ili ndani yake pasipoe.

Zorka alisimama kwenye mstari wa mapaja hadi mapumziko. Kazi yake ilikuwa kuutoa mfupa wa paja bila kuichana nyama, katika chumba chenye baridi ya kuumiza meno, na hapakuwa na aliyeifanya vizuri kumshinda. Wakati wa kula alikaa na Jolan, Mhungaria wa mtaa wa chini, aliyegawana naye mkate, mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa na pilipili iliyolowekwa katika siki.

“Chukua mota ya katikati,” Jolan alimshauri, “ile inayofungwa palepale penye pedali. Mpwa wangu anayo. Anasema inapanda hata ukuta.”

“Ukuta? Huku kwetu hata kilima hakuna. Nipande nini, banda la kuku?”

“Upande kwa Siniša ukamkanyage.”

Wanawake wa meza ile walicheka mpaka msimamizi akachungulia.

Zamu ilipokwisha, Zorka alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa baiskeli Pišta, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya soko. Pišta aliitundika baiskeli kwenye kulabu, akazungusha gurudumu moja baada ya jingine, akalitazama goti la Zorka pia kana kwamba nalo limeletwa kutengenezwa.

“Jirani, nikwambie ukweli au nikufurahishe?”

“Ukweli. Wa kunifurahisha alishakufa.”

“Haya. Seti zipo za namna tatu. Ya katikati sahau kabisa. Ile haitaki mtu anayerudisha pedali nyuma. Ya nyuma ni mota iliyomo ndani ya gurudumu la nyuma. Ukitaka kuifunga, unalitoa hili ulilonalo, na breki yako iko wapi? Imo humuhumu ndani. Ukilitoa, umetoa na breki. Inabaki ya mbele. Uma wako wa mbele ni chuma cha zamani, unabeba bila shida. Mota inakaa mbele, breki inabaki nyuma palepale, na miguu yako inaendelea na mambo yake.”

“Nikichukua ya nyuma, si watanifungia breki ya mkono?”

“Watakufungia. Na mkono wako unajua kufunga breki?”

Zorka aliutazama mkono wake wa kulia. Alikuwa amepanda baiskeli tangu kabla hajajua kusoma. Katika uwanda wa Banat mtoto hufundishwa mambo mawili kwa siku moja: kusukuma pedali mbele ili aende, na kuikanyaga kuirudisha nyuma ili asimame. Hata wale wenye baiskeli zilizokuja na wenzo wa breki usukanini waliutumia wenzo huo kutundikia mfuko wa mkate. Hakuna aliyesimama kwa mkono. Mwili ulisimama kwa miguu, kabla akili haijaulizwa.

“Hiyo ya mbele unayo?”

“Ninayo moja.” Pišta aliishusha sauti. “Ila ule msaada wa manispaa haufiki kwangu. Wanalipia duka moja tu, lile la pale kwenye uwanja wa manispaa. Na mimi ningekukopesha, Zorka, Mungu anaona. Lakini hii yenyewe nimeichukua kwa mkopo.”

Bei ya seti nzima, bila msaada, ilizidi mshahara wake wa mwezi. Hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili.

Katika jengo la manispaa, dirisha la misaada lilikuwa la Bi Bisenija Vlaškalin, mwanamke wa makamo aliyekuwa amejitanda shali mabegani. Zorka alimfahamu tangu ujana. Waliwahi kuvuna beti za sukari pamoja katika shamba la ushirika, kabla Bisenija hajaolewa mjini.

“Nataka seti ya gurudumu la mbele,” Zorka alisema.

“Inayotolewa ni ya nyuma.”

“Ya nyuma inaniondolea breki.”

“Utawekewa nyingine. Zorka, wewe ni wa ngapi leo? Wote wamechukua ya nyuma, hakuna aliyelia.”

“Wote ni vijana, wana baiskeli za gia. Mimi ninauliza: nani ameamua kwamba iwe ya nyuma tu?”

“Tume.”

“Tume ni nani?”

“Tume ni tume, jamani! Unataka nikuchoree?”

“Usichore, nitakwambia mimi. Mwenyekiti wa tume ni naibu wa meya, Velimir Stojkov. Na mwenye duka ndiye aliyemsimamia mtoto wa Velimir ubatizoni. Nilikuwapo kanisani, Bisenija. Hata supu ya sherehe niliinywa.”

Bisenija alitazama mlango, kisha akainama karibu na tundu la kioo.

“Na mimi niliinywa. Sasa? Katika mji huu kila mtu kamsimamia mtu ubatizoni. Tukianza kuwakataa hao, tutafanya kazi na nani? Chukua ya nyuma ushukuru. Saa kumi tunafunga, na ukitoka hapa bila kitu, nafasi yako inakwenda kwa mwingine.”

Inafaa kusema neno hapa. Kwa watu hawa, baba wa ubatizo si mgeni wala si rafiki tu. Anaketi mezani kabla ya ndugu wa damu. Hakataliwi, hatukanwi, na mtu aliyemdhulumu baba wa ubatizo wa mwanawe hapewi mkono na majirani. Waliouweka udugu huo waliuweka mbele ya mshumaa na maji, ili mtoto yatima asikose mlezi. Hawakuuweka ili uwe ufunguo wa ghala ya umma. Waliougeuza kuwa ufunguo wameiba mara mbili: wameiba fedha, na wameiba jina la kitu kilichokuwa kitakatifu. Jambo hili linajulikana na kila mtu, na kwa kuwa linajulikana na kila mtu hakuna anayelisema.

Zorka aliichukua karatasi yake ya msaada, akavuka uwanja.

Dukani alipokewa na kijana aitwaye Strahinja, mwenye mikono laini na maneno mengi. Aliipindua baiskeli juu chini, akalifungua gurudumu la nyuma, akalitupa pembeni. Gurudumu jipya, lenye mota nene kama chungu katikati yake, halikuingia. Lilikuwa pana kuliko nafasi. Strahinja hakutatizika. Alileta jeki ndogo ya skrubu, akaiingiza kati ya miguu miwili ya fremu, akaanza kuitanua.

“Wewe! Utaivunja!”

“Shangazi, tulia. Chuma cha zamani kinapenda kubembelezwa.”

“Huko ndiko kubembeleza? Mke wako nitamwombea.”

Fremu ililia, kisha ikakubali. Mota iliingia, nati zikakazwa, betri ikafungwa chini ya keria ya nyuma. Mbele kijana alifunga breki ndogo ya mpira, na waya wake akaupeleka hadi kwenye wenzo wa mkono wa kulia.

“Ukibana hapa, mota inazima, gurudumu linashika. Rahisi kama mchezo.”

“Nijaribu kwanza huku uani.”

“Hatuna muda, shangazi. Wapiga picha wako nje, na bwana mkubwa ameshafika. Wewe ni wa mwisho.”

“Na gurudumu langu nipe.”

“Lile? Lile ni taka.”

“Taka ni hizi unazozungumza. Gurudumu ni langu.”

Alilitundika begani kwa kamba na kutoka nalo hivyo hivyo, mpaka Bisenija, aliyekuwa amehamia uwanjani na kalamu yake, akamsihi aliweke ukutani lisionekane katika picha.

Uwanja ulikuwa umepambwa kwa utepe. Palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, mitungi ya maji ya matunda, na sahani za mikate midogo ya jibini. Velimir Stojkov alikuwa amesimama mbele ya meza hiyo, amevaa tai ya kijani. Zorka aliambiwa aanzie kwenye kona ya posta, aje akiendesha, asimame mbele ya bwana naibu, apewe mkono, atabasamu.

Alipanda. Alisukuma pedali mara moja, na kitu kikamsukuma kutoka nyuma.

Haikufaa kudanganya: ilikuwa nzuri. Košava lilikuwa linampiga usoni kama asubuhi, lakini safari hii halikumwuliza goti lake kitu. Baiskeli ilikwenda yenyewe, imara, kimya, na mguu wa kushoto ukazunguka bila maumivu kwa mara ya kwanza tangu msimu wa mavuno. Alitabasamu kabla hajafika mahali alipoambiwa atabasamu. Alifikiri: kumbe ningeweza. Kumbe mtu anaweza kufika kazini kama mtu.

Ndipo akaiona tai ya kijani ikiwa karibu, na miguu yake ikafanya yale iliyoyafanya maisha yake yote. Mguu wa kulia uliikanyaga pedali kuirudisha nyuma. Pedali ilirudi, ikazunguka, ikazunguka tena, nyepesi kama kisu katika maziwa. Aliikanyaga kwa nguvu zaidi. Stojkov aliruka upande. Zorka aliingia mezani.

Mitungi ilivunjika. Yeye alianguka juu ya mkono wa kulia, na akasikia ndani ya kifundo cha mkono sauti ndogo ambayo aliijua vizuri, maana ndiyo aisikiayo kila siku paja la kuku linapoachana na mfupa.

Watu walimwinua. Stojkov alikuwa anajifuta maji ya cheri katika suruali.

“Mama! Kwani wewe hujui kuendesha baiskeli?”

Zorka alimtazama. Hasira aliyoibeba tangu asubuhi, tangu vuli, haikutoka kama kelele, ilitoka taratibu.

“Baiskeli hii ndiyo niliyoipanda kwenda kujifungua binti yangu, Velimir. Wewe na mama yako mlikuwa mnaishi mtaa wa nyuma, mlinifungulia njia kwenye theluji. Ninajua kuendesha. Panda wewe.”

“Aa, mimi nimevaa—”

“Panda! Umetuchagulia sote, jichagulie na wewe.”

Watu waliokuwapo walianza kupiga miluzi. “Panda, bwana naibu!” kijana mmoja alipaza sauti. “Tuonyeshe breki za tume!” Stojkov alikuwa mwanasiasa, na mwanasiasa anajua wakati ambapo kukataa kunagharimu zaidi kuliko kukubali. Alicheka, akaikunja suruali, akaenda hadi kwenye kona ya posta, akaja. Alikuja vizuri. Alikuwa mtoto wa uwandani, mgongo wima, tai ikipepea. Kisha akafika penye vipande vya mitungi, na kila mmoja akauona mguu wake wa kulia, wenye kiatu cheusi cha bei kubwa, ukiirudisha pedali nyuma. Ikazunguka. Akaurudisha tena. Aliokolewa na nguzo ya taa, aliyoikumbatia kwa mikono miwili kama mpwa aliyerudi kutoka ng’ambo.

Kisha Bisenija akasema kwa sauti kubwa:

“Ni upepo!”

“Upepo,” mwenye duka aliafiki.

“Upepo mkali sana leo,” alisema Stojkov, akijinyoosha. Akamgeukia mpiga picha. “Ile ya kwanza umeipata? Kabla ya meza? Pale anapotabasamu?”

“Nimeipata.”

“Chapisheni hiyo.”

Wakamletea Zorka karatasi ya kukiri kwamba amepokea seti nzima na inafanya kazi. Alisema hatii sahihi. Bisenija alimvuta kando, na sasa uso wake haukuwa wa dirishani. Ulikuwa ule wa shamba la beti.

“Zorka, usipotia sahihi wanakunyang’anya mota leo hii. Na ile fremu wameshaitanua. Hilo gurudumu lako halitakaa tena. Jumatatu utakwenda na nini?”

“Wewe unajua,” Zorka alisema. “Kila siku unakaa pale ndani, na unajua.”

“Ninajua,” Bisenija alijibu, na kumshikia karatasi isipeperuke.

Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zilitoka kama za mtoto.

Pišta alimfunga kifundo cha mkono kwa kitambaa na vipande viwili vya mbao, akaitazama fremu, akatukana kwa Kihungaria, lugha ambayo Zorka aliielewa kwa kiasi cha kutosha. Kuirudisha ilivyokuwa hakuwezekani, alisema. Chuma kilichotanuliwa namna ile kikibanwa tena hupasuka. Zorka hakwenda hospitalini. Huko wangemwandikia likizo ya ugonjwa, na mtu anayechukua likizo ya ugonjwa katika mwezi wa mwisho wa mkataba amejiandikia mwenyewe barua ya kuaga. Jumapili, watu walipokuwa kanisani, alikuwa kwenye njia ya kando ya mfereji, akijifunza kusahau. Alikwenda, akataka kusimama, miguu ikarudi nyuma, akajitupa kwenye nyasi, akainuka, akarudia. Wenzo ulikuwa upande wa mkono wa kulia, na vidole vya mkono huo havikuweza kujikunja. Jioni alikuwa amejifunza jambo moja tu: kuizima mota mapema na kuburuta soli za viatu vyote viwili ardhini, kama afanyavyo mtoto wa miaka minne.

Jumatatu upepo ulikuwa uleule. Zorka alifika langoni kabla halijafunguliwa, vumbi likimfuata nyuma, kisigino cha kiatu cha kushoto kimekatika. Wanawake waliokuwa wakingoja walimpisha, naye akasimama kwa kuugonga ukuta polepole.

Siniša alitoka na kahawa yake. Alitazama saa, akatazama mota, akafurahi kweli, kama mtu aliyeitengeneza mwenyewe.

“Mnaona? Mnamwona Terzin? Mtu akitaka, anaweza!”

“Niulize nimesimamaje,” Zorka alisema.

“Nini?”

“Umeona nimefika. Niulize nimesimamaje, Siniša. Niulize mbele ya hawa.”

Jolan alicheka kwa sauti kavu, kisha akaacha. Wanawake wote wakamgeukia msimamizi na kumngoja. Siniša alikunywa kahawa yake. Aliukodolea macho mkono uliofungwa mbao, akatazama tena saa.

“Ingieni, ingieni,” alisema, “mstari unaanza.”

Zorka alisimama mbele ya Siniša mlangoni mpaka ikambidi ampishe. Kisha akaingia, akavaa aproni kwa kusaidiwa na Jolan, akaenda mahali pake penye baridi, na paja la kwanza lilipofika, akachukua kisu kwa mkono wa kushoto.